Kabla ya Kumlipa Fundi: Nafuu ya Ushuru kwa Anayeboresha Nyumba Kupunguza Bili ya Stima

Mazungumzo kwa mabaraza ya wakaazi, Kaunti ya Kwale



Kaskazi inapovuma na jua kukaza, kila mtu wa pwani hii anaijua hali ya nyumba ya mabati saa nane mchana. Ukunda, Msambweni au Kinango, ni mamoja. Feni haizimwi, friji haipumziki, na tokeni zilizonunuliwa Ijumaa hazifiki Jumatatu. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoanza kupiga hesabu: aweke sola juu ya paa, apige dari chini ya mabati, abadilishe taa, au aache makaa anunue mtungi wa gesi. Na hapo ndipo swali linapokuja: je, serikali inamrudishia mtu chochote kwa kazi kama hiyo?

Jibu fupi ni kwamba nafuu ipo, lakini si hundi. Hakuna ofisi nchini Kenya inayopokea risiti ya paneli za sola kisha ikamtumia mwananchi pesa kwenye simu. Nafuu iliyoko imo ndani ya bei ya dukani, ndani ya hesabu ya ushuru wa mshahara, na ndani ya bili yenyewe. Tena sehemu kubwa ya nafuu hiyo hupatikana au hupotea kabla fundi hajapanda ngazi. Mtu akishalipa bila karatasi sahihi, mara nyingi hana pa kurudi. Ndiyo maana mazungumzo haya yanaanzia kwenye karatasi, na paa litafuata.

Habari ya asilimia 30

Wengi wamesikia kutoka kwa jamaa walio ng'ambo, au kwenye video za simu, kwamba mwenye nyumba hurudishiwa asilimia 30 ya gharama akiweka sola au akibadilisha madirisha. Habari hiyo haikuwa uongo, ila ilihusu Marekani. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2022 ilimruhusu mwenye nyumba kupunguza kwenye ushuru wake asilimia 30 ya gharama ya sola, na pia ya vitu kama milango, madirisha na vifaa vya kuzuia joto, ingawa hivi vya pili viliwekewa kikomo cha kila mwaka. Julai 2025 sheria nyingine ikatiwa saini huko huko, na nafuu hizo zikakoma mwisho wa mwaka 2025.

Mkaazi wa Kwale ana mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, nafuu ya ushuru ni ya nchi, haivuki bahari. Mtu akija nyumbani kwako Tiwi au Gazi akisema atakujazia fomu ya asilimia 30 kwa ada ndogo, mwambie akuonyeshe kifungu cha sheria ya Kenya. Hatakionyesha, kwa sababu hakipo. La pili, nafuu huletwa na sheria na huondolewa na sheria. Kenya nayo imeyaona hayo, kama itakavyoelezwa.

Nafuu ya kwanza: bei ya dukani

Bidhaa nyingi zinazouzwa nchini hutozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Kitu cha shilingi 100,000 kikitozwa VAT kinamfikia mnunuzi kwa shilingi 116,000. Sheria ya VAT, hata hivyo, ina orodha ya bidhaa zilizosamehewa. Ndani yake vimo vifaa maalum vya kuzalisha umeme wa jua na upepo: paneli za sola, kidhibiti chaji, inveta, na betri za kuhifadhi umeme wa jua.

Msamaha huo umepita njia yenye mawimbi. Mwaka 2020 uliondolewa, na bei za sola zikapanda. Mwaka 2021 ukarudishwa, safari hii kwa sharti kwamba Waziri anayehusika na kawi apendekeze vifaa hivyo kwa Kamishna wa ushuru. Pendekezo hilo ni shughuli ya mwagizaji na muuzaji wa jumla. Si kazi ya mwenye nyumba kwenda Nairobi kumtafuta Waziri. Kazi yake ni kuhakikisha nafuu hiyo imemfikia katika bei.

Atahakikishaje? Kwa kuomba bei iliyochanganuliwa. Muuzaji akisema "mtambo mzima, kila kitu ndani, laki mbili na nusu", hapo mnunuzi haoni kitu. Mwombe aandike kila kifaa kwenye mstari wake: paneli ngapi na kwa bei gani, inveta, betri, kidhibiti chaji, kisha nyaya, vyuma vya kufungia, swichi, na mwisho kazi ya fundi. Karatasi ikiwa hivyo, jambo linaonekana wazi. Nyaya za kawaida, taa, feni na televisheni haviwi vifaa maalum vya sola kwa sababu tu vimeuzwa pamoja na paneli. Hivyo vinaweza kutozwa asilimia 16. Lakini ukiona asilimia 16 imepigwa kwenye jumla yote, pamoja na paneli na inveta, una haki ya kuuliza kwa nini.

Muuzaji mdogo ambaye hajasajiliwa kwa VAT hana ruhusa ya kutoza VAT kabisa. Akiiandika kwenye karatasi yake, hiyo si ushuru, ni bei aliyoiongeza mwenyewe. Na muuzaji anayesema "bila risiti nitakupunguzia" hakupi msamaha wa sola. Bidhaa iliyosamehewa VAT bado inatakiwa kuandikiwa risiti ya eTIMS, na risiti hiyo huonyesha kila bidhaa imetozwa nini. Inveta ikiungua baada ya miezi minne, risiti hiyo hiyo ndiyo itakayobeba waranti. Kuiacha dukani ili kuokoa shilingi elfu mbili ni kutupa mbachao kwa msala upitao.

Jambo jingine linahusu fundi. Kwa kanuni za mwaka 2012, anayefunga mitambo ya sola anatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya kawi, ambayo sasa ni EPRA. Leseni zina madaraja. Anayeruhusiwa kufunga taa chache haruhusiwi kufunga mtambo mkubwa wenye inveta. Mwombe fundi akuonyeshe leseni kabla ya malipo ya kwanza. Hapa pwani kuna sababu ya ziada. Upepo wa bahari wa Diani, Msambweni na Shimoni una chumvi, na chumvi hula misumari na vyuma vya kawaida. Fundi anayelijua hili atatumia alumini au chuma kisichoshika kutu. Asiyelijua atakuacha na paneli nzuri juu ya vyuma vilivyooza, na hakuna nafuu ya ushuru itakayofidia hasara hiyo.

Nafuu ya pili: ushuru wa mshahara

Hii ndiyo inayokaribia zaidi kile ambacho watu huuliza, na ndiyo inayopotea zaidi kwa kutojulikana. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamruhusu mtu kutoa kwenye mapato yake, kabla ya ushuru kupigwa, riba aliyolipa kwa mkopo wa kununua au kuboresha nyumba anayoishi. Neno "kuboresha" limo humo. Ujenzi nao umeongezwa hivi karibuni. Wengi hudhani nafuu hii ni ya wale tu wanaonunua nyumba za mamilioni, na hivyo mwalimu aliyekopa kubadilisha paa haulizi lolote.

Kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yalikipandisha hadi shilingi 360,000, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi.

Tuseme mwalimu wa Msambweni, baada ya makato yanayoruhusiwa, ana mapato ya kutozwa ushuru ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Amekopa benki shilingi 600,000 kubadilisha paa lililochakaa, kupiga dari na kufunga sola. Katika mwaka wa kwanza riba peke yake imefika shilingi 84,000, sawa na shilingi 7,000 kwa mwezi. Mwalimu huyu yuko kwenye daraja la ushuru la asilimia 30. Akidai riba hiyo, ushuru wake unapungua kwa shilingi 25,200 kwa mwaka, au 2,100 kila mwezi. Asipodai, pesa hizo zinakwenda, na hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.

Tuseme tena mfanyakazi wa hoteli Diani mwenye mapato ya kutozwa ushuru ya shilingi 30,000, anayelipa riba ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Yeye yuko kwenye daraja la asilimia 25. Nafuu yake ni shilingi 750 kwa mwezi, yaani 9,000 kwa mwaka. Si utajiri, lakini ni mitungi kadhaa ya gesi.

Anayepata shilingi 24,000 au chini yake kwa mwezi halipi ushuru wa PAYE, kwa sababu nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 inaufuta wote. Kwa hiyo hana ushuru wa kupunguziwa, na asikubali kutozwa ada na mtu anayemwahidi hivyo.

Nafuu hii ina masharti manne, na kila moja limewahi kumkwamisha mtu.

Sharti la kwanza, nafuu ni ya riba tu. Pesa ulizokopa zenyewe hazihesabiki, na aliyejenga kwa pesa taslimu za kuuza ng'ombe au korosho hana riba ya kudai.

Sharti la pili, mkopeshaji awe miongoni mwa taasisi zilizotajwa na sheria. Benki zimo. Mkopo wa chama cha akina mama, wa jirani au wa mkopeshaji wa mtaani haumo. Mwenye SACCO aulize kwanza SACCO yake na KRA kama mkopo wake unakubalika, kabla ya kutia saini.

Sharti la tatu, nyumba iwe ile unayoishi, na ni moja tu. Aliye na nyumba Kinondo anayoishi na nyingine Ukunda aliyopangisha atadai kwa ile ya Kinondo. Mwenye nyumba za kupangisha naye ana hesabu yake. Kama analipa ule ushuru wa kodi ya nyumba wa asilimia 7.5 ulioanza Januari 2024, ushuru huo hupigwa kwenye kodi yote anayopokea. Gharama ya sola au ya dari haitolewi. Faida yake itatokana na wapangaji waliotulia.

Sharti la nne ndilo gumu kwa pwani: uweze kuonyesha kwamba pesa zilikwenda kwenye nyumba. Katika mambo ya ushuru, mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Familia nyingi za Kwale zinaishi kwenye ardhi ya mababu isiyo na hatimiliki, na benki ikiombwa mkopo wa nyumba huuliza hatimiliki kwanza. Matokeo yake ni kwamba mtu huchukua mkopo wa mshahara, na kwenye fomu anaandika "mahitaji ya kibinafsi". Miaka miwili baadaye anataka kudai riba, na barua ya mkopo haitaji nyumba hata mara moja. Mkopo wa aina hiyo utamtaabisha sana kuuthibitisha. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mwambie afisa wa benki waziwazi kwamba mkopo ni wa kuboresha nyumba unayoishi, na uombe lengo hilo liandikwe. Kisha tunza makubaliano na fundi, risiti za vifaa, na hata picha za nyumba kabla na baada ya kazi.

Jinsi ya kudai

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitia mwajiri. Mpelekee afisa wa mishahara barua ya mkopo na taarifa ya riba kutoka benki, umwombe aihesabu kila mwezi anapokata PAYE. Sheria ya Fedha ya 2025 imemtaka mwajiri azingatie nafuu na makato yote ambayo mfanyakazi anastahili anapokata ushuru huo. Kwa hiyo anayeuliza haombi hisani. Lakini mwajiri hawezi kuujua mkopo ambao hajaonyeshwa.

Njia ya pili ni kudai mwenyewe unapowasilisha marejesho ya ushuru ya mwaka kwenye iTax, kabla ya tarehe 30 Juni. Utahitaji fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri, na kutoka benki cheti kinachoonyesha riba uliyolipa mwaka ule, namba ya akaunti ya mkopo, salio, na PIN ya benki yenyewe. Hayo yote yana nafasi yake ndani ya fomu. Ikiwa mwajiri alikata ushuru mwingi kuliko unaostahili, fomu itaonyesha kiasi ulichozidisha, na unaweza kuomba urudishiwe.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa. Ikifika wiki ya mwisho ya Juni, foleni kwenye saiba za Ukunda na Kwale mjini huwa ndefu, na kijana wa saiba ana haraka. Anaingia kwenye akaunti ya mtu, anabonyeza marejesho ya sufuri, anachapisha karatasi, anachukua ada yake, "mwingine!" Mwenye mshahara aliyewasilishiwa sufuri ametangaza kwamba hakupata chochote mwaka mzima, hali mwajiri wake ameshaiambia KRA kiasi alicholipwa. Riba yake haikudaiwa, na tena ametoa taarifa isiyo ya kweli kwa jina lake, si kwa jina la kijana wa saiba. Aliye na P9 hawasilishi sufuri. Akae karibu na kompyuta, atazame tarakimu zinavyoingizwa, na asikubali neno "usijali, mzee, nimemaliza".

Aliyechelewa kuwasilisha hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Mfanyakazi aliyetarajia kupata nafuu ya 9,000 asianze kwa kupoteza 2,000.

Kwa waliolipa riba miaka iliyopita bila kudai, mlango haujafungwa wote. Marejesho yaliyowasilishwa yanaweza kurekebishwa, na ushuru uliozidishwa unaweza kuombwa, ndani ya miaka mitano. Kwa miaka ya kabla ya 2025 kikomo kitakuwa kile cha zamani cha shilingi 300,000. Miaka mitano yaonekana mingi, lakini kila Juni inayopita, mwaka mmoja wa nyuma unasogea ukingoni. Anayejijua ana mkopo wa nyumba tangu zamani aende benki wiki hii akaombe vyeti vya riba vya kila mwaka.

Nafuu ya tatu: bili na jikoni

Wengi waliomo katika baraza hili hawana P9. Kuna wavuvi wa Vanga na Gazi, wakulima wa Lunga Lunga, waendesha bodaboda, akina mama wauzao viazi karai na samaki wa kupaka. Nafuu ya mshahara haiwahusu. Wasiondoke lakini, kwa sababu nafuu yao haihitaji fomu.

Ya kwanza ni gesi ya kupikia. Julai 2021 gesi ilianza kutozwa VAT ya asilimia 16, na kila jiko lilihisi. Mwaka 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na tangu Julai 2023 gesi haitozwi VAT. Nafuu hii iko ndani ya bei ya kujaza mtungi. Jambo la kufanya ni kulinganisha bei za maduka mawili au matatu kabla ya kujaza, na kupima uzito wa mtungi, maana nafuu ya ushuru huliwa upesi na mtungi usiojaa.

Ya pili ni bei ya stima. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamewekwa kwenye makundi. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi ana bei ya chini kabisa. Wa uniti 31 hadi 100 ana bei ya katikati. Anayezidi 100 analipa bei ya juu. Kundi huamuliwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa hiyo anayetumia uniti 110 akapunguza hadi 95 hakuokoa uniti 15 peke yake. Ameshuka kundi, na kila uniti iliyobaki inamjia kwa bei nafuu zaidi. Tena stima hutozwa VAT ya asilimia 16. Uniti isiyotumika haina VAT, na hakuna anayehitaji kuidai.

Mtu hupunguza uniti kwa vitu vya kawaida: taa za LED badala ya zile za zamani, mpira wa mlango wa friji ubadilishwe ukilegea, friji isogezwe mbali na ukuta unaopigwa na jua. Na nyumba yenyewe ipozwe. Mababu wa pwani hii walijua kazi hiyo kabla ya nguzo za stima kufika. Makuti mazito, kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, baraza yenye kivuli, mwarobaini au mwembe upande wa magharibi. Aliyeezeka mabati hajakosea. Mabati hayaogopi moto wala hayabadilishwi kila baada ya miaka michache. Lakini apige dari, aache nafasi ya hewa kupita kati ya dari na bati, na kama ataweza apake bati rangi nyeupe. Kazi hiyo ni ya bei ndogo kuliko sola, na nyumba ikipoa, hata sola atakayonunua baadaye itakuwa ndogo.

Ya tatu ni miradi ya umma. Mradi wa kitaifa wa umeme wa jua uitwao KOSAP, uliodhaminiwa na Benki ya Dunia, ulitaja Kwale kuwa moja ya kaunti 14 zitakazofikiwa. Katika miradi ya namna hiyo, pesa za motisha hulipwa kampuni inayouza mitambo ya nyumbani na majiko sanifu, ili iweze kufika vijijini na kuuza kwa awamu. Mnunuzi hapewi pesa mkononi. Kwa hiyo mtu akipita Samburu au Ndavaya akidai "ada ya usajili" ili upate pesa za sola za serikali, usitoe hata shilingi. Mpeleke kwa chifu au ofisi ya wadi kwanza.

Karatasi za kuweka sandukuni

Mwenye nyumba anayetaka kufaidika na haya atenge bahasha moja. Ndani yake aweke bei iliyochanganuliwa, risiti za eTIMS, nakala ya leseni ya fundi, makubaliano ya kazi, barua ya mkopo yenye lengo lake, cheti cha riba cha kila mwaka, na P9. Sheria inamtaka mlipa ushuru atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Mvua za masika zinajulikana. Bahasha na iwekwe ndani ya plastiki, na kila karatasi ipigwe picha kwa simu, maana wino wa risiti hufifia kwa joto kabla ya mwaka kwisha.

Asiwe na haya ya kuuliza. Huduma Centre ya Kwale iko kwa ajili ya wananchi, na kuwasilisha marejesho ya ushuru kwenye iTax hakulipishwi na KRA. Kijana anayejua kompyuta na amsaidie mzazi wake, lakini wasome pamoja kila mstari kabla ya kutuma. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Julai mosi, anayepanga kazi kubwa aulize tena hali ilivyo mwezi huo kabla ya kulipa.

Wahenga walisema, heri kinga kuliko tiba. Katika jambo hili kinga ni maswali matatu ya kuuliza kabla pesa hazijatoka mkononi. Muuzaji aulizwe: ni kifaa kipi hapa kimetozwa VAT, na kwa nini? Benki iulizwe: je, barua hii inasema mkopo ni wa kuboresha nyumba ninayoishi? Mwajiri aulizwe: je, riba yangu imehesabiwa kwenye PAYE ya mwezi huu? Anayepata majibu matatu kwa maandishi ameshachukua sehemu yake ya nafuu. Paa linaweza kuanza kesho.